Kibaba cha Leo

Nilipoombwa kuandika habari za imani kwa ajili ya kitabu hiki, nilitaka kukataa. Nilijua ni jambo gani ningelazimika kuliandika, nami nilikuwa nimelificha kwa muda mrefu. Wengi wenu hapa Ngombezi mliona tu kwamba nilikuwa mnene sana, kisha nikapungua. Wapo waliosema nina ugonjwa ule usiotajwa kwa jina. Wapo waliosema nimefunga na kuomba mpaka mwili ukaisha. Ukweli ni kwamba nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, tena niliuchagua mwenyewe.

Nianze na mama yangu. Alifanya kazi ya kuanika singa katika shamba la katani kwa miaka mingi, na alipostaafu akashikwa na kisukari. Alianza na kidonda kidogo cha kidole cha mguu, akaishia kukatwa mguu chini ya goti. Miaka miwili baadaye tulimzika. Mimi ndiye niliyekuwa namwosha kidonda kile, na siku ya mazishi nilijiambia kwamba mimi sitafika huko.

Lakini nilikuwa njiani kufika huko huko. Nilipotimiza miaka 44 nilikuwa na kilo 124. Nilikuwa na sukari na presha, na magoti yalikuwa yakiniuma hata kupanda ngazi mbili za kanisa. Kazi yangu ni kupika chapati na maandazi, na wateja walinisifu kwamba nimenawiri. Usiku hawakuniona. Pumzi ilikuwa ikikatika usingizini, na mume wangu alikuwa akikaa macho kusikiliza kama itarudi.

Msidhani sikujaribu. Nilifunga wakati wa Kwaresima, nikapungua kilo sita, na baada ya Pasaka zikarudi nane. Niliacha sukari, niliacha wali, nilikunywa maji ya ndimu na majani niliyoambiwa. Kila niliposhindwa nilitubu kana kwamba nimeiba. Nilifika mahali pa kuamini kwamba unene wangu ni dhambi ambayo Mungu amechoka kunisamehe.

Daktari mmoja mjini Korogwe ndiye aliyenieleza kwa upole. Alichukua uzito wangu kwa kilo, akaugawanya kwa urefu wangu wa mita 1.62 uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likawa 47. Akasema mtu mzima wa kawaida yuko kati ya 18.5 na 25, na kuanzia 30 ni unene uliopita kiasi. Aliyefika 40, au 35 akiwa na ugonjwa kama kisukari, anaweza kufikiriwa kwa upasuaji. Akaongeza neno ambalo sijalisahau: mwili uliokwisha kuzoea unene hupigana kuurudisha, kwa hiyo kushindwa kwangu hakukuwa uvivu peke yake. Nililia pale pale. Nilikuwa sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Alinielekeza Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Huko walinieleza kuna njia ya puto, linalowekwa ndani ya tumbo kwa muda kisha likatolewa, na kuna upasuaji. Kwa hali yangu walishauri upasuaji. Hupitisha vifaa katika matundu madogo, wakaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, na kinachobaki ni kama ndizi nyembamba. Kilichokatwa hakirudi. Hawakunificha hatari zake: kuvuja mahali pa mshono, damu kuganda miguuni, hata kifo, ingawa si mara nyingi. Tena wakasema upasuaji si dawa ya kumaliza kila kitu. Nisipobadili ulaji, uzito unaweza kurudi.

Nilirudi nyumbani na mzigo wa maswali. Fedha haikuwepo, ila kulikuwa na shamba la mahindi ambalo mume wangu alirithi kwa baba yake. Binti yetu alikuwa anangojea ada ya chuo. Niliona haya kuuza urithi wa watu kwa sababu ya tumbo langu. Mume wangu aliniuliza swali moja tu: "Mama Neema, shamba litanipikia uji nikizeeka?" Tukaliuza. Sehemu ikaenda kwenye ada, sehemu hospitali.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye ninamheshimu kama baba, alinijia nyumbani. Akasema, "Mwanangu, Mungu alikuumba mzima. Utakwendaje kukatwa kiungo kisichoumwa? Omba, ufunge." Sikuwa na jibu. Nililala siku tatu sina amani, nikaenda kwa Mchungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee wetu mwaka juzi alitolewa mtoto wa jicho. Tulimwombea, akaenda, akarudi anasoma Biblia bila kushikwa mkono. Hatukusema amekosa imani." Kisha akaniombea. Hakuniambia niende wala nisiende. Aliniambia nisiende kwa kujichukia, maana mwili huu ndio Mungu alioupenda hata ukiwa na kilo 124. Neno hilo lilinipa kazi kubwa kuliko kisu.

Nilipanda basi alfajiri, tukapita Segera, Mkata na Chalinze, nami nikiomba njia nzima. Siku ya upasuaji niliogopa sana. Sikuona maono wala kusikia sauti. Nilimkumbuka mama na mguu wake, nikamwambia Mungu, "Nikirudi nitakushukuru, nisiporudi uwatunze." Nilipoamka, muuguzi alikuwa ananiambia niinuke. Siku hiyo hiyo walinitembeza kwenye korido, ili damu isigande miguuni. Niliambiwa ninywe maji kwa kulamba lamba, kijiko kimoja, nipumzike, kijiko kingine.

Pale wodini nilisoma habari za mana katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Wana wa Israeli walipewa chakula cha siku moja tu, kila mtu kwa kipimo chake, na waliojiwekea cha kesho walikuta kimeingia funza. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu shule ya Jumapili, na siku zote niliihubiri kwa watu wanaopenda mali. Nilikuwa sijawahi kuisoma kwa ajili ya sahani yangu. Nikakumbuka kopo la mama la kupimia unga, kibaba chake, ambalo bado ninalo. Mimi nilikuwa nimeishi kama mtu asiyeamini kwamba kesho nayo itakuwa na kibaba chake.

Kupona hakukuwa rahisi. Majuma mawili ya kwanza nilikunywa supu iliyochujwa, maziwa na uji mwepesi. Kisha vyakula vilivyopondwa, kisha laini. Juma la tatu kulitokea msiba kwa jirani. Akina mama wakaniwekea bada na mlenda, nikaona haya kukataa chakula cha msibani. Nikala matonge matatu upesi na maji juu yake. Kifua kikabana kama kimewekewa jiwe, nikakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Mama mmoja wa kikundi chetu akanifuata, akanishika mgongo. Nikamwambia yote. Akasema, "Kumbe umekuwa ukiteseka kwa kutuogopa sisi?" Tangu siku hiyo kwenye jumuiya naletewa kikombe kidogo cha mtoto, na hakuna anayeniuliza kwa nini.

Mwezi wa nne nywele zilianza kunyonyoka, zikaota tena baadaye. Ngozi ya mikono inaning'inia mpaka leo. Nitameza vitamini na kupimwa damu maisha yangu yote. Lakini lililonishangaza ni hili: njaa ya tumbo ilipungua sana, ila jioni ya huzuni mkono wangu bado ulikuwa unatafuta andazi. Daktari hakuwa ameukata upweke wangu, wala hofu yangu, wala uchungu wa kumkosa mama. Hayo ilinibidi niyapeleke kwa Mungu na kwa watu, mahali ambapo zamani nilikuwa nayapeleka kwenye sahani.

Sasa imepita mwaka mmoja na nusu. Nina kilo 81. Dawa ya presha imepunguzwa, sukari imeshuka, na mume wangu analala usiku kucha. Yule mzee wetu alikuja kuniona, akanitazama, akasema, "Nilikosea kukuongezea mzigo, mwanangu." Tukasali pamoja.

Siandiki ili kila mwenye mwili mkubwa akakatwe. Wengine wanahitaji kutembea na kupunguza mafuta, wengine dawa, na wapo wenye mwili mkubwa ambao wana afya nzuri. Hayo ni ya daktari kuyapima. Nawaomba wapendwa jambo dogo tu. Mtu mnene akija kanisani msimtanie, na akipungua msimzushie. Akikataa sahani yenu, msimlazimishe. Na wewe unayejichukia kwa sababu ya mwili wako, nenda ukamwone daktari, na Mungu umwambie yote, kwa sababu hajakuchoka.

Bado napika chapati kila asubuhi. Unga napima kwa kopo la mama. Nikifika kwenye ile sehemu ya sala tunapoomba chakula cha siku moja, huwa nanyamaza kidogo, kisha naendelea na wenzangu.