Ukungu Ukutani, Pumu Kifuani

Masika yote paa lilivuja katika nyumba moja ya mtaa wa Jabe, mjini Bujumbura, na nyuma ya kabati ukuta ukaota ukungu mweusi. Mke wa askari, mumewe akiwa kazini mbali, alitwaa ufagio mkavu akaukwangua. Usiku ule mwanawe, mgonjwa wa pumu, aliketi kitandani akihema kwa mluzi, midomo ikimgeuka rangi. Alfajiri iliwakuta zahanatini.

Muuguzi hakumlaumu. Alimweleza kwamba ukungu huzaa chembe zisizoonekana kwa macho. Ufagio mkavu huzirusha hewani, nazo hubana njia za pumzi za mwenye pumu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani: la kwanza ni kuzuia unyevu. Kupaka rangi ukuta uliolowa ni kumficha adui, si kumwondoa.

Basi paa likazibwa. Ukuta ukasuguliwa kwa kitambaa, maji na sabuni, mtoto akiwa nje. Kabati likasogezwa, madirisha yakafunguliwa kila asubuhi, na dawa ya kuvuta ikawekwa karibu na kitanda. Baba aliporudi likizo, alisimama mlangoni usiku, akasikiliza pumzi tulivu ya mwanawe.