Oxford kwa Wapenzi wa Vitabu vya Utotoni

Wapo wanaokusanya viatu, wapo wanaokusanya saa. Mimi na mume wangu tunakusanya vitabu vya watoto, vile vya zamani vyenye jalada gumu na picha za wino. Wageni wakifika sebuleni swali ni lile lile: "Jamani, mtoto bado hamjapata, sasa hivi vyote ni vya nani?" Ni vyetu! Kama na wewe msomaji unavipenda kimya kimya kwa kuogopa kuchekwa, siku ukipata likizo na nauli, mchukue mwenzio mwende Oxford.

Mji huu wa Uingereza uko mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka kituo cha Paddington, London. Wengi wanaujua kwa sababu ya chuo kikuu chake. Si mji mkubwa, ukivaa raba nzuri katikati yote unaizunguka kwa miguu.

Hadithi ya mtoni

Tulianzia Folly Bridge, daraja la mto Thames. Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hesabu wa chuo cha Christ Church aitwaye Charles Dodgson alitoka hapa kwa mtumbwi. Alikuwa na rafiki yake, Robinson Duckworth, pamoja na mabinti watatu wa mkuu wa chuo: Lorina, Alice na Edith. Alice alikuwa na miaka 10. Walikuwa wanaelekea Godstow, na watoto ni watoto, wakataka hadithi. Mwalimu akaanza kuwasimulia habari za msichana aliyetumbukia kwenye shimo la sungura.

Baadaye Alice akamwomba amwandikie. Akaandika yote kwa mkono, akachora na picha, na Novemba 1864 akampa kama zawadi ya Krismasi. Mwaka 1865 hadithi ikatoka kama kitabu, na mwandishi akajiita Lewis Carroll. Ndiyo hiyo Alice's Adventures in Wonderland unayoijua.

Ukifika mtaa wa St Aldate's, mkabala na Christ Church utakuta duka dogo linaloitwa Alice's Shop. Alice alikuwa akinunua pipi hapo, na Carroll akaliingiza duka hilo katika kitabu chake cha pili cha Alice, akamfanya kondoo kuwa muuzaji. Siku hizi wanauza vikombe, karata na vitabu. Ni padogo, mkiingia watu kumi mnakanyagana.

Zawadi ikigeuka pesa

Sasa tuje kwenye mshiko. Toleo la kwanza la Alice la 1865 lilichapwa nakala 2,000, lakini mchoraji John Tenniel hakuridhika na jinsi picha zake zilivyotoka, na Carroll akakubali kulizuia. Nakala zinazojulikana leo ni ishirini na kitu tu, na ndiyo maana wenye pesa zao wanazigombania. Uchapaji ulioonekana mbovu siku hiyo leo ndio dhahabu.

Na ule mswada wa mkono? Alice mwenyewe aliuuza! Mwaka 1928, akiwa mjane wa miaka 75 na mahitaji yamembana, ulipigwa mnada London kwa paundi 15,400. Ukaenda Marekani, na mwaka 1948 Wamarekani wakaurudisha kama zawadi kwa Waingereza. Sasa uko British Library.

Hapo mimi na mume wangu tulikaa kwenye benchi tukabishana. Yeye alisema zawadi ya namna ile haiuzwi, hata kama unalala njaa. Mimi nilimwambia zawadi ikishatolewa ni mali ya aliyepewa, na mjane ndiye anayejua ankara zake. Hatukuelewana mpaka chai ikaja. Jaribuni na nyie nyumbani, mtajuana vizuri.

Baba na mwana

Makaburi ya Holywell yako karibu na katikati ya mji, yamejaa nyasi na ndege. Humo amelala Kenneth Grahame, mwandishi wa The Wind in the Willows cha mwaka 1908. Hadithi za fuko na chura alikuwa akimsimulia mwanawe wa pekee, Alastair, kabla ya kulala, na mtoto akiwa mbali akamwandikia kwa barua. Alastair alikuja kusoma Christ Church. Mwaka 1920 akafa relini, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 20. Baba yake alifariki mwaka 1932, na sasa wamo kaburi moja. Mapato ya vitabu vyake aliiachia maktaba ya Bodleian, hapo hapo Oxford.

Mume wangu hakosi utani, lakini pale alivua kofia akanyamaza. Kusema kweli tangu siku hiyo kile kitabu sikioni kama cha kitoto. Ni maneno ya baba kwa mtoto mmoja, sisi wengine tumekaribishwa tu kusikiliza.

Mkiwa na nafasi pandeni basi hadi makaburi ya Wolvercote. J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Hobbit cha mwaka 1937, amezikwa pamoja na mkewe Edith. Chini ya majina yao yameandikwa Beren na Lúthien, wapenzi wawili wa kwenye hadithi zake mwenyewe. Mwanaume anayesema hajui kuwa romantiki apelekwe pale!

Ukitaka kununua

Blackwell's ya Broad Street ipo tangu 1879. Kwa vya mitumba, tembelea maduka ya Oxfam, shirika lililoanzishwa mji huo huo mwaka 1942. Kabla hujatoa hela, fungua ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa, hesabu picha kama zote zipo, na uliza kama ile karatasi ya kufunika jalada bado ipo, maana ndiyo inayopandisha bei.

Tulikuta nakala mbili za The Wind in the Willows, zote za kawaida tu. Moja safi, nyingine ina jina la mtoto kwa penseli na doa la jemu. Mfanyabiashara atakwambia chukua safi. Sisi tulichukua yenye doa, kwa paundi 8. Usiku tunasomeana kwa zamu, sura moja moja, na mume wangu akiiga sauti ya chura najificha chini ya shuka kwa kicheko.

Na usidhani mambo haya ni ya Kizungu tu. Alice alianza kuongea Kiswahili mwaka 1940, katika Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri iliyochapwa na Sheldon Press ya London. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Hiyo ya 2015 agiza kwa ajili ya kusoma. Ile ya 1940 ukiiona imejificha kwa muuza vitabu vya mitumba, usiulize bei mara mbili.