Usisubiri Moshi Ndio Usome Geji

Wasee, juzi nilikuwa Mombasa kwa chuo kimoja kinachofunza mabaharia. Sikuenda kusoma, nilienda kurekodi video. Bro wangu mkubwa hufanya kazi kwa chumba cha injini cha meli ya mizigo, na nilitaka kuwaonyesha vile watu kama yeye hufunzwa kutoka moto ukiwaka huko chini.

Mwalimu, mzee aliyekula chumvi ya bahari miaka mingi, aliweka mikoba miwili ya rangi ya machungwa kwa meza. Ndani ya kila mmoja kuna mtungi mdogo wa hewa na kofia ya plastiki inayofunika kichwa chote mpaka shingoni. Sheria za kimataifa zililazimisha meli kubeba vifaa hivi kuanzia Julai 2002. Ukivaa, una hewa ya angalau dakika 10. Si za kuzima moto. Si za kurudi kuchukua simu. Si za kuingia kwa tanki kumtoa mwenzako aliyezimia. Ni za kutoka, basi.

"Chagua mmoja, kijana."

Nikachukua ule msafi, unaong'aa kwa kamera. Nilikuwa nishaufungua nataka kuvaa aliponishika mkono. "Umesoma geji?"

Sindano ilikuwa imelala kwa sifuri. Ule mwingine, uliochakaa, sindano yake ilikuwa kwa kijani. Alikuwa amenitega makusudi.

"Ungekuwa maiti mwenye video safi," akasema. Darasa lote likacheka. Nilicheka pia, lakini tumbo lilikuwa limekaza.

Akatuonyesha kazi yenyewe, na haimalizi hata dakika moja. Sindano iko kwa kijani? Sili haijakatika? Kofia haijapasuka? Tarehe haijapita? Halafu kile cha mazoezi kiandikwe wazi ni cha mazoezi, kisije kikachanganywa na cha kazi. Na ujue njia ya kutoka hata gizani, maana dakika 10 ukizitumia kutafuta mlango zinaisha.

Jioni nikampigia bro, meli yao ilikuwa bandarini. "Ile iliyo karibu na wewe, sindano iko wapi?"

Akacheka. "Hiyo ni kazi ya afisa wa tatu."

"Na moshi ukiingia, ni afisa wa tatu atakuvutia hiyo hewa?"

Kimya. Kisha, "Ngoja."

Baada ya muda picha ikaingia: kijani. Chini yake ameandika, "Ya pili iko chini sana. Nimeripoti."

Sikulala mapema siku hiyo. Ya pili ndiyo iliyo kando ya ngazi anayopanda kila siku.

Wengi wetu hatutawahi kuingia kwa meli. Lakini kuna mtungi wa kuzima moto kwa korido ya hosteli yako, na mwingine chini ya kiti cha matatu unayopanda. Unapita hapo kila siku. Leo simama, usome geji. Ikiwa iko chini, sema, na usingoje mwenye kazi yake.