Kabla Mama Yako Hajauza Alizeti

Singida Mjini

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata, na siku ileile mama yako alipita hapa ofisini kuniuliza kama ni kweli mwanafunzi wa upimaji wa Chuo Kikuu Ardhi hawezi kusoma bila laptop "yenye kadi", yaani kadi ya grafiki. Magunia ya alizeti yako stoo, anangoja bei ipande. Nimemwomba asiyauze kwanza kwa ajili ya laptop, na ni haki yako kujua sababu.

Laptop uliyonayo haikosi grafiki. Inayo, ila imo ndani ya prosesa na haina kumbukumbu yake: inakula chungu kimoja na prosesa, yaani RAM. Na wewe umeniandikia kwamba RAM yako ni GB 8 kwenye kijiti kimoja. Basi ugonjwa uko hapo. Kijiti kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 hupitisha kama GB 25 kwa sekunde. Weka viwili vinavyofanana, njia zinakuwa mbili, zinapita kama GB 51. Grafiki ya ndani hufaidika na hilo kuliko kitu kingine chochote utakachoinunulia, na bei ya kijiti hailingani hata kidogo na bei ya hiyo laptop yenye kadi unayoitamani. Michoro ya viwanja kwenye AutoCAD, ramani za QGIS, kuchora nyumba na barabara juu ya picha ya setilaiti kama walivyokuwa wakifanya vijana wa mradi wa Ramani Huria pale Dar es Salaam kuanzia 2015: kazi hizo hazidai kadi. Zinadai RAM, diski ya SSD, na mtu mwenye subira.

Sasa hiyo kadi yenyewe. Ile uliyoiona kwenye mashine ya hapa ofisini ni RTX A2000. Ina kumbukumbu yake yenyewe ya GB 6, haigusi RAM, na inapitisha GB 288 kwa sekunde. Linganisha na 51. Inakula wati 70 tu, zote kutoka kwenye ubao, bila waya wa pembeni, na ndiyo maana niliichagua, kwa sababu UPS yangu ni ndogo na umeme ukikatika nahitaji dakika za kuhifadhi kazi. Wenye maduka hawatakuambia kwamba chipu yake ni ya familia moja na ile ya RTX 3060 ya vijana wa gemu, inayokula wati 170. Unacholipia zaidi kwenye kadi ya ofisi ni draiva zilizojaribiwa na kuthibitishwa pamoja na watengenezaji wa programu kama Autodesk, umbo dogo na umeme kidogo. Kwa mtu wa picha za droni peke yake, mimi ningemwambia achukue ya gemu, maana 3060 ya mezani inapatikana yenye GB 12, na pesa inabaki.

Droni ndipo kadi inapokula jasho lake. Unakumbuka mradi wa Zanzibar ulioanza 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA wakipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ndogo? Picha maelfu kwa maelfu zinaunganishwa ziwe ramani moja. Programu kama Metashape inapotafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, na inapokokotoa kina cha kila nukta, kadi huifanyia kazi ambayo prosesa peke yake ingekesha nayo. Hata hapo hatua nyingine hubaki kwa prosesa, na RAM ikiwa ndogo kazi inakwama na kadi yako inakutazama.

Kuhusu ile laptop ya Precision 5520 ya mtumba ya Kariakoo uliyonitumia picha yake: iache. Quadro M1200 iliyomo ni ya kizazi cha Maxwell, na toleo la 13 la CUDA (mfumo ambao programu huutumia kuipa kadi kazi) lililotoka 2025 limekitupa nje kizazi hicho. Programu za zamani itaziendesha, mpya zitaanza kuikataa moja moja, nawe huwezi kuifungua ukaweka nyingine, imechomelewa kwenye ubao. Halafu fikiria joto. Kadi ya laptop ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, na vumbi la huku Singida wakati wa kiangazi, pamoja na upepo wetu huu, linaziba feni upesi. Stika ya Quadro haipoozi chochote.

Kabla ya yote, nifanyie jambo moja. Fungua kazi yako nzito kuliko zote, kisha fungua Task Manager, sehemu ya Performance, uangalie kinachojaa. Ikijaa Memory, nunua kijiti. Ikijaa CPU, kadi haitakuokoa. Ikijaa GPU huku hivyo vingine vimetulia, nipigie, tutaongea upya na mama yako akiwepo.

Ukija likizo, picha zako za droni zilete kwenye diski. Mashine ya ofisini haina kazi usiku. Utaipakia jioni, asubuhi utakuta imemaliza au imekuandikia kosa. Ila kwenye UPS usichomeke chaja ya simu.

Mjomba wako

N.B. Kijiti ununue cha umbo la laptop, si cha mezani, na kasi ilingane na hicho ulichonacho. Kwanza hakikisha laptop yako ina nafasi ya pili, nyingine hazina.