Kriketi Iliposimama, na Harusi Zikasimama



Sisi wa chumba cha cherehani tunapenda kriketi. Wengi hutushangaa, maana huku kwetu mpira ni wa miguu. Lakini mechi moja ya kriketi huchukua saa nyingi: jicho moja kwenye runinga, jingine kwenye sindano, na kazi inakwenda.

Mwaka 2020 korona ilisimamisha vyote viwili. Ligi ya India, IPL, iliyopangwa kuanza tarehe 29 Machi, iliahirishwa. Harusi nazo zikaahirishwa, magauni yakabaki yametundikwa, na maharusi wakawa wanatujia na machozi: sasa itakuwaje?

Kriketi ya moja kwa moja tuliikosa sana, tukarudi kwenye mechi za zamani. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2019, pale Lord's, London, tuliirudia hadi tukaijua: Uingereza na New Zealand mikimbio 241 kwa 241, wakaongezewa ova moja moja, 15 kwa 15. Ubingwa ukaenda Uingereza kwa sababu mipira yao mingi zaidi ilifika mpakani.

Siku ya mechi yenyewe moyo hupiga, unatazama matokeo tu. Ukirudia, matokeo unayajua, basi unamtazama mtu na subira yake. Hashim Amla, ndugu yetu Muislamu wa Afrika Kusini, Julai 2012 pale The Oval alipata mikimbio 311 bila kutolewa, akapiga kwa zaidi ya saa 13. Ramadhani iliingia mechi ikiendelea. Yeye alikuwa msafiri, akachukua ruhusa ya kufunga baadaye. Hata nembo ya bia ya wadhamini hakuivaa. Kazi na dini vilikaa pamoja bila kelele.

Tuliangalia pia filamu ya Fire in Babylon, inayoonyesha West Indies walivyotoka kwenye kudharauliwa wakawa timu ya kuogopwa duniani. Kwa hiyo tarehe 8 Julai 2020, mechi za mataifa ziliporudi kwa Uingereza na West Indies kule Southampton, sisi tulikuwa West Indies. Majukwaa yalikuwa matupu, hakuna mtazamaji. West Indies wakashinda kwa wiketi 4, na ushindi ukaandikwa kama ushindi mwingine wowote.

Hapo tukapata la kuwaambia maharusi wetu. Ndoa ni walii, mashahidi wawili, mahari, ijabu na kabuli. Ukumbi na umati wa watu ni watazamaji: wakiwepo ni furaha, wasipokuwepo ndoa haipungui kitu. Baadhi yao waliolewa sebuleni kwao, na magauni yale yale, wakapendeza mashallah.

Nawe ambaye siku yako imesogezwa kwa msiba, ugonjwa au uhaba wa pesa, usihesabu watakaokosekana. Hesabu yaliyotimia.

Allah akujaalie nyumba yenye utulivu, mapenzi na huruma. Amin.