Kombi Yenye Kitanda

Desemba 1997 nilikuwa na miaka 11. Shule zilikuwa zimefungwa na mvua ya vuli imekataa kukatika. Watu wa mtaani waliiita Elinino, jina tulilolisikia kila jioni Radio Tanzania, na sisi watoto tulilitamka kama jina la mtu mbaya anayekuja. Baba alisema, iwe isiwe, mwaka huo tutafika Mlalo kwa Bibi.

Alikuwa na cha kutegemea. Miezi michache nyuma alinunua Kombi ya Volkswagen kwa Wajerumani waliokuwa wakirudi kwao. Haikuwa ya abiria. Nyuma ilikuwa na kiti kinachokunjuliwa kikawa kitanda, jiko dogo la gesi, sinki, vikabati, na paa la kunyanyua. Mama aliizunguka mara mbili, akauliza mtu mwenye nyumba anataka nini na nyumba nyingine ya magurudumu. Baba hakujibu siku hiyo. Lakini mimi nilikuwa nimeona: kila tulipokwenda Mlalo, watoto wa baba mkubwa walihamishwa vitandani wakalala mkekani ili sisi tupate pa kulala. Jambo hilo lilikuwa limemkaa rohoni. Alitaka kwenda kwao bila kumtoa mtu kitandani.

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, tumebeba sukari, mchele, miche ya sabuni, doti mbili za kanga na furushi la ng'onda lililonukia njia nzima. Tulipofika Chalinze mvua ilikuwa inapiga kioo mpaka waipa zikawa hazina kazi. Daraja la Wami lilikuwa jembamba, gari moja linapita jingine linasubiri, na siku ile mto ulikuwa mwekundu, unasukuma magogo. Mama alisoma dua kwa sauti hadi tukatokea ng'ambo. Tulipoipita Mkata, gari likazimika. Injini ya Kombi ya zamani iko nyuma, chini ya kitanda. Haina rejeta, inapozwa kwa hewa, kwa hiyo mlimani haichemshi maji. Ila siku ya gharika, hewa hiyo inaingia na unyevu wake. Baba alifungua distribyuta, akaikausha kwa kanga ya Mama, akawasha. Kabla ya Segera alikuwa amefanya hivyo mara tatu, ameloa chapachapa, na hakulalamika hata mara moja.

Injini ile chini ya kitanda ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote. Godoro lilikuwa na joto kama jiwe lililoshinda juani. Mimi na dada yangu tulijilaza juu yake, mashamba ya mkonge ya Korogwe yakipita dirishani mstari kwa mstari, na mngurumo wa gari tukiusikia kifuani. Nimelalia vitanda vingi tangu siku hiyo. Hakuna kilichonipa amani ile.

Mombo tulifika jioni. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini barabara inapanda kwa kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na korongo upande ule. Kabla ya Soni tukakuta foleni. Mlima ulikuwa umeshuka barabarani: udongo, mawe, na mgomba mzima uliosimama wima juu ya kifusi kana kwamba umepandwa pale. Giza likaingia. Mbele yetu palikuwa na basi dogo lililojaa watu, madirisha yake mengine hayafungi.

Baba akanyanyua paa. "Leo tunalala kwetu," alisema, na Mama akabandika chai. Ndipo tukasikia kichanga kinalia nje. Mama alifungua mlango wa pembeni akamkuta mwanamke kijana amejifunika turubai, mtoto mgongoni.

"Ingia, mwanangu. Mtoto asipigwe na baridi."

Baada yake wakaja wengine, na hakuna aliyerudishwa. Kufika saa tano usiku tulikuwa watu 12. Mwenye kichanga alipewa kitanda kwa sababu injini ilikuwa bado na joto. Sisi tulikaa sakafuni, magoti kwa magoti, vikombe vinne vya chai vikizunguka. Mzee mmoja wa kwenda Bumbuli alitueleza juu ya Vugha, makao ya wafalme wa ukoo wa Kilindi, kwenye milima hiyo hiyo. Zamani, alisema, mvua ilikuwa shauri la mfalme. Ikija kwa kiasi, Wasambaa husema ni kuzifya shi, kuiponya nchi. Mambo yakiharibika, ni kubana shi. Machifu walifutwa baada ya Uhuru. "Sasa mvua ya hivi," akasema, "hatuna wa kumuuliza." Baba alimjibu kwa Kisambaa, wakaendelea hivyo hadi nikasinzia. Sikuwahi kumsikia Baba akizungumza lugha ya kwao kwa muda mrefu namna ile. Sauti yake ilikuwa nyingine, changa zaidi.

Asubuhi watu walishuka kutoka vijiji vya juu na majembe na machepe, msaragambo bila kuitwa na mtu. Mchana njia ya gari moja ikapatikana. Kutoka Lushoto kwenda Mlalo ilikuwa tope tupu; tulisukumwa, tukateleza, tukafika magharibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu," akanijibu, akanikumbatia na matope yangu.

Baba alimshika mkono akampeleka kwenye Kombi. Alimkunjulia kitanda, akamwonyesha jiko, akamweleza kwamba safari hii hakuna mtoto atakayehamishwa. Bibi alilipapasa godoro kwa kiganja, taratibu, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Mwanangu, umekuja kwangu na kitanda chako. Nimekukosea nini?"

Baba hakuwa na jibu. Alikirudisha kitanda kikawa kiti, akafunga mlango. Ndani, watoto wa baba mkubwa walikuwa wameshatandika mkeka, wananisubiri. Tulikula makande, tukalala sita chini ya mablanketi mawili, mvua ikinyesha juu ya bati usiku kucha.

Tulikaa siku tisa. Kombi ilisimama chini ya mfyulisi, na baba mkubwa akahifadhi humo mahindi yaliyokuwa yanaanza kuota ukungu. Siku ya kurudi ilijazwa viazi, kabichi na magimbi hadi dirishani.

Bibi alifariki Machi 1999. Mwaka uliofuata Baba aliiuza Kombi. Kwa miaka yote mitatu, kitanda chake kililaliwa usiku mmoja tu, na yule mama aliyekilalia na mwanawe hatukumuuliza jina.