Kiganja Kilichofunguliwa

Mazingaombwe ni elimu ya mkono, na kama elimu nyingine, ina vitabu vyake. Kijana mmoja wa Mwananyamala alivikusanya kidogo kidogo, aghalabu kutoka kwa wauza vitabu vikuukuu wa Mtaa wa Samora, ambako mnunuzi huokota alichojaaliwa, si alichokifuata. Alianza na The Expert at the Card Table cha mwaka 1902, ambacho mwandishi wake alijiita S. W. Erdnase, na hadi leo hajulikani ni nani hasa. Kikafuata Modern Coin Magic cha J. B. Bobo, cha mwaka 1952. Humo alijifunza kubana sarafu kiganjani huku vidole vimelegea, kana kwamba havikushika kitu. Cha tatu alikichapisha steshenari, kurasa chache kila alipopata fedha: The Discoverie of Witchcraft, alichokitoa Mwingereza Reginald Scot mwaka 1584. Scot alifichua viinimacho vya mipira, fedha na karata katika kitabu cha kuwatetea waliokuwa wakiadhibiwa kwa tuhuma za uchawi.

Vitabu viwili vya mwanzo vilimfundisha kuficha. Hicho cha tatu kilimwuliza siri inafichwa kwa faida ya nani.

Jawabu lilimjia nyumbani. Goti la shangazi yake lilikuwa likimsumbua, akaitwa mganga, naye akalisugua, akatoa sindano, akasema imetumwa na kikongwe wa nyumba ya pili. Kijana alikuwa ameketi ubavuni. Hakuiona sindano ikitoka. Aliviona vidole vilivyolegea mno.

Adabu ya sanaa hii ni kutofichua. Lakini kwa tuhuma kama ile, vikongwe wengi wamekwisha kuuawa nchini Tanzania. Usiku alibisha hodi chumbani kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Akalisugua goti, akatoa sarafu. Shangazi akamaka. Kijana akarudia polepole, kisha mara ya tatu, kiganja kikiwa kimeelekea taa. Shangazi alikitazama kwa muda mrefu.

"Na mimi leo nimempita yule mama bila ya kumwamkia," alisema.

Asubuhi alimtuma kijana nyumba ya pili na bakuli la maandazi. Jioni bakuli lilirudi lina mbaazi za nazi.